Mirathi Isiyo na Mafungu

Mtu anapofariki akaacha mke, watoto na wajukuu, sheria ya dini ifuatwayo na watu wengi wa pwani yetu haiwaachi wafiwa katika giza la kutojua la kufanya, bali huwaongoza kwa taratibu ambazo karne nyingi hazikuzitikisa. Kwanza hutolewa gharama ya sanda na maziko; kisha hulipwa madeni; kisha hutekelezwa wasia, madhali haukupita theluthi ya mali; na kinachosalia baada ya hayo ndicho kigawanywacho, mjane akapewa thumuni yake kwa kuwa mumewe ameacha watoto, na watoto, ikiwa wazazi wa marehemu wametangulia mbele ya haki, wakapewa baki, kila mwana wa kiume akipata mfano wa mafungu ya wanawake wawili. Mjukuu, ambaye pengine ndiye aliyekuwa akilala chumba kimoja na babu yake na kumpa maji usiku, hapati kitu maadamu yuko mwana wa kiume wa marehemu aliye hai, isipokuwa babu mwenyewe awe alimkumbuka katika wasia. Kadhi mwenye kalamu na karatasi aweza kuimaliza hesabu hii kabla ya adhuhuri, na warithi wakiwa watu wa insafu huondoka kwake wakipeana mikono.

Walakini kipo kitu kimoja alichokiacha marehemu ambacho hesabu ya kadhi haikigusi, nacho ni marehemu mwenyewe: jinsi alivyokuwa akicheka na alivyokuwa akinyamaza, neno alilolichukia, chakula alichokuwa akikirudia, jambo aliloliogopa na lile aliloliona aibu, na njia yote aliyoipita mpaka akawa mtu yule aliyefukiwa jana. Vitu hivi havikuzikwa naye. Vimebakia, na vimebakia vimetawanyika mikononi mwa watu. Ni vya nani? Nani ana haki kubwa kupita wenziwe ya kusema kuwa yeye ndiye aliyemjua? Swali hili limenishughulisha tangu nilipoanza kuhudhuria matanga kwa akili ya mtu mzima, maana sijapata kukaa katika matanga ya mzee aliyependwa nisiwasikie watu wa nyumba moja wakimsimulia mtu mmoja kwa namna ambayo kila msimulizi, akiyasikia ya mwenzake, hushangaa kana kwamba anatajiwa mgeni.

Mke humjua mume katika saa ambazo hapana jicho jingine lililoziona. Mtu ambaye mtaani alikuwa akipita wima, akiitikia salamu kwa sauti nzito na kutoa shauri katika ugomvi wa majirani, mkewe amemwona usiku ameketi ukingoni mwa kitanda, utambi wa taa umepunguzwa, akizihesabu fedha zile zile mara ya pili huku akijua kuwa hazitaongezeka. Amemsikia akilitamka neno "sijui", ambalo watoto hawakupata kulisikia kinywani mwake. Na kwa miaka mingi amefanya kazi isiyoandikwa katika daftari lolote, nayo ni kuificha hofu ya mumewe isionwe na watoto, hata wakakua wakidhani kuwa baba yao hakuogopa kitu duniani.

Mwana humjua baba kwanza kama hukumu. Kikohozi chake mlangoni kilitosha kuunyamazisha ua mzima, na mapenzi yake, kama yalivyokuwa ya baba wengi wa zama zile, hayakusemwa kwa ulimi. Yalitiwa katika ada ya shule, katika viatu vilivyonunuliwa vikubwa kidogo ili vidumu, katika ukali wa kumtaka mtoto awe nyumbani kabla ya magharibi. Mtoto hayatambui mambo hayo kuwa ni mapenzi mpaka yeye naye awe na watoto, wakati ambapo aghalabu mwenye kustahili shukrani amekwisha kuwa kiziwi au amekwisha kufa.

Mjukuu humpata mtu yule yule akiwa ameishusha mizigo. Baina yao upo utani uliohalalishwa na ada: bibi humwita mjukuu wake wa kiume "mume wangu", babu humwita mjukuu wa kike "mchumba", na mtoto humjibu mzee maneno ambayo baba yake, hata leo akiwa na mvi, hathubutu kuyatamka mbele yake. Mzee akisujudu mtoto humpanda mgongoni, na mzee huirefusha sijida mpaka ateremke kwa hiari yake. Na baba wa mtoto, akisimama mlangoni na kuyaona hayo, hujiuliza mtu mpole namna hii alikuwa wapi miaka thelathini iliyopita.

Wako wafikirio kuwa katika sura hizi tatu moja tu ndiyo ya kweli na mbili ni vazi, na aghalabu humpa mke ushindi kwa kuwa yeye aliona mengi. Mimi sioni hivyo. Upole aliouonja mjukuu haukuwa uwongo kwa sababu ya kuchelewa kwake, wala ukali alioupata mwana haukuwa wa kujifanya kwa kuwa nyuma yake palikuwa na hofu. Nafsi ya mwanadamu haikai ndani yake peke yake kama fedha katika kasha, ikimngoja mwenye ufunguo; huwapo baina yake na watu, na kwa kila mtu huwapo kwa namna ambayo haikuwapo kwa mwingine. Basi kila mmoja wa watatu wale anaijua kweli, na hapana aijuaye yote, na hapo ndipo kumbukumbu inapoachana na mali. Shamba la minazi likigawanywa kwa warithi tisa kila mmoja hupata haba, lakini habari za marehemu hupungua pale ambapo kila mrithi amelishika fungu lake akanyamaza nalo. Kwa hiyo naamini kuwa kumbukumbu ya mtu haimilikiwi na mwenye kukumbuka. Ameshikishwa kama amana, na kila amana ina mtu wa kurudishiwa. Katika amana hii mtu huyo ni yule ambaye hakumwona marehemu kabisa.

Historia ya pwani yetu imetuhifadhia ushahidi wa jambo hili katika nyumba mbili zilizokuwa na uadui. Katika mwaka 1275 wa Hijria, yaani karibu na 1858 wa Miladi, Mwana Kupona binti Msham, mwanamke wa kisiwa cha Pate, akiwa mgonjwa kwa muda uliokwisha kutimia mwaka, alimwita binti yake Mwana Hashima aketi karibu naye na wino na karatasi, akamtungia utendi wa mawaidha. Watu wengi huujua utendi huo kwa mafunzo yake juu ya mke kumtii mume, na wako wa siku hizi waushutumuo kwa sababu hiyo. Lakini ndani yake pana mahali ambapo mjane anayaacha mafunzo kwa kitambo na kumweleza mtoto habari za baba yake: kwamba walioana kwa furaha na kicheko, kwamba hawakuvunjiana heshima wala kuteta hata siku moja, na kwamba ajali yake ilipowadia alirudia kumwambia mkewe kuwa yu radhi naye. Baba huyo alikuwa Mataka, mtawala wa Siyu, mtu aliyepata sifa kwa silaha. Na msomaji asiyeyajua hayo hayapati katika maneno haya ya mkewe. Huenda mtu akasema kwamba hapana ndoa isiyo na siku moja ya kuteta, na kwamba mjane, akitaka kumpa binti kielelezo, aliyaondoa yasiyofaa. Hilo lawezekana. Kumbukumbu yenye makusudi huchagua. Lakini alichochagua kukirithisha kilikuwa kicheko cha arusi na radhi ya saa ya mauti, vitu ambavyo kama asingalivisema yeye hapana mtu mwingine duniani ambaye angaliweza kuvisema.

Adui wa Mataka alikuwa Sayyid Said bin Sultan, mfalme wa Oman na Unguja. Katika miaka ya 1840 majeshi ya Said yaliiendea Siyu, yakapigwa, na amiri wao akauawa, na mji ule haukutiishwa ila katika enzi ya mwanawe Majid. Said mwenyewe alifariki baharini mwezi wa Oktoba 1856, akirejea Unguja kutoka Maskati, na watu wa nyumba yake wakiwa katika kumngoja. Urithi wake uligombewa mara moja. Majid akashika Unguja, nduguye Thuwaini akashika Oman, kila mmoja akadai zaidi ya alichonacho, hata mwaka 1861 Waingereza wakakata shauri kwa hukumu ya Lord Canning, dola moja ikawa mbili, na Unguja ikatakiwa kuilipa Oman reale 40,000 kila mwaka. Hayo yalikuwa mafungu ya wana wa kiume.

Miongoni mwa watoto waliokuwa wakimngoja Said alikuwamo Salme, msichana wa miaka 12. Huyu aliondoka Unguja mwaka 1866, akabadili dini, akaolewa na mfanyabiashara Mjerumani jina lake Heinrich Ruete, akakaa Hamburg. Na mwaka 1870 mumewe akafa kwa ajali, akamwachia watoto watatu wadogo katika nchi ya baridi ambako hakuwa na ndugu hata mmoja. Aliporudi Unguja mwaka 1885 kudai haki yake katika urithi wa jamaa waliofariki nyuma yake, ndugu yake Barghash, ambaye ndiye aliyekuwa Sultani, hakukubali hata kuonana naye. Lakini alikuwa na kitu ambacho Barghash hakuweza kumnyima, na mwaka 1886 alikitoa kwa Kijerumani katika kitabu cha maisha yake. Katika dibaji anaeleza kuwa alianza kuandika kwa ajili ya watoto wake, ambao hawakujua mengi juu ya asili ya mama yao ila kwamba ni Mwarabu na mzaliwa wa Unguja. Na kwamba, akiwa amechoka mwili na roho, hakutumaini kuishi mpaka wakue awasimulie kwa kinywa chake. Mke wa Mataka na binti wa Said, ambao nyumba zao zilipigana, walitunga maneno yao wote wawili katika udhaifu wa mwili, na wote wawili kwa ajili ya mtoto.

Said wa Salme si yule wa vitabu vya mikataba. Ni baba atembeaye huku na huko katika roshani ya jumba la Mtoni, kichwa amekiinamisha, amezama katika fikira, akichechemea kidogo kwa sababu ya risasi iliyomwingia pajani vitani ikabaki humo, ikimtia maumivu mara kwa mara. Mwanahistoria angeweza kuipata habari ya risasi kwa njia nyingine. Kuchechemea kwenyewe, na kile kichwa kilichoinama, kulitunzwa na mtoto aliyekuwa akimtazama baba yake kwa macho ya chini kwenda juu, akakuchukua mpaka Hamburg, akakuandika baada ya miaka thelathini.

Hapa lakini yampasa mwenye kumpenda marehemu asimame kidogo. Baba huyo ndiye aliyeifanya Unguja kuwa kisiwa cha karafuu, na karafuu zile zilipandwa na kupaliliwa na kuchumwa na watumwa waliotolewa bara, ambao kila mmoja wao naye alikuwa mtoto wa mtu, na wengi walikuwa waume, na baba, na wangekuwa babu. Salme aliandika juu ya utumwa, akautetea. Nimeufikiria sana msiba wa watu wale kwa upande huu ninaouzungumza, na sidhani kuwa umepata kusemwa inavyostahili: mtumwa aliyechukuliwa kutoka kando ya ziwa Nyasa hakunyang'anywa nguvu zake peke yake, alinyang'anywa wakumbushi wake. Mkewe alibaki upande mmoja wa nchi na fungu lake la habari zake, watoto wake upande mwingine au katika meli nyingine na fungu lao, na wajukuu aliowapata ugenini walimjua kwa jina alilopewa na bwana wake. Hapana aliyekaa matanga, maana hapana aliyejua siku. Tukizisoma kurasa za Salme juu ya roshani ya Mtoni, na tuzisome, kwa kuwa ni ushahidi wa kweli wa binti juu ya baba, tujue kuwa chini ya roshani ile walipita watu ambao binti zao walikuwa na ushahidi wa namna ile ile, wasipate wa kumpa.

Kuna mtu wa tatu katika habari hii, naye kwangu ndiye wa ajabu kuliko wote. Salme alikuwa na mwana, Rudolph, aliyezaliwa mwaka 1869, zaidi ya miaka 12 baada ya Said kufa. Hakuijua sauti ya babu yake, hakuwahi kupanda mgongoni mwake, alilelewa Ujerumani katika dini nyingine na akawa ofisa wa jeshi la nchi ile. Kwa hesabu ya kadhi hakuwa na fungu hata kidogo: mtoto wa binti, mbele yake wamesimama wana wa kiume wengi, na tofauti ya dini peke yake ilitosha kumtoa. Naye ndiye aliyeliongeza jina la Said katika jina lake, akaitwa Said-Ruete, na mwaka 1929 akatoa London kitabu kizima juu ya maisha na utawala wa Said bin Sultan. Alichoweza kukiandika ni mfalme, si yule mwenye kuchechemea. Huyo alikuwa wa mama yake. Lakini asingalimtafuta mfalme katika makaratasi kama mama hakumpa kwanza baba.

Mwanafalsafa wa Kenya John Mbiti, katika kitabu chake cha mwaka 1969 juu ya dini na falsafa za Waafrika, alieleza kuwa katika fikira za watu wetu wengi marehemu hafi kabisa maadamu yupo mtu hai aliyemjua na kumtaja kwa jina. Huendelea kuwapo karibu na jamaa zake, na mauti yake hukamilika siku anapokufa mtu wa mwisho aliyemwona, pengine katika kizazi cha nne au cha tano. Nakubali sehemu kubwa ya maneno haya, maana kipo kitu ambacho hufa na mtu wa mwisho, nacho hakirudi kwa maandishi wala kwa picha wala kwa sauti iliyonaswa katika mashine. Hata hivyo naona kuwa mpaka haukuwekwa pale kwa nguvu za maumbile peke yake. Ziko nyumba ambamo mzee husahauliwa na wajukuu waliomwona kwa macho, kwa kuwa baba yao hakuwaambia neno lolote zaidi ya jina, na jina hilo la babu lililo la tatu katika majina yao hulijaza katika karatasi za serikali bila ya kujua alikuwa mtu gani. Na ziko nyumba ambamo kitukuu aliyezaliwa baada ya miaka hamsini aweza kukuambia kuwa mzee alikuwa hali samaki wa jana.

Limebakia jambo lililo gumu, yaani makosa ya marehemu. Tumefundishwa kuyataja mema ya maiti wetu na kuyanyamazia mabaya yao, nami nayaheshimu mafundisho hayo na kuona kuwa yanatulinda na ufidhuli mwingi. Lakini nimewahi pia kumwona mjane akisifiwa mumewe mbele yake kwa sifa ambazo yeye alijua kuwa si zake, akainamisha uso. Na nilihisi kuwa saa ile walikuwa wamemnyang'anya mume wake halisi, mwenye hasira na mwenye kutubu hasira, aliyemtesa mwaka mmoja na kumtunza miaka thelathini, wakamwekea mahali pake mtu asiyemjua. Nadhani sheria ya mirathi yaweza kutufaa hapa, japokuwa iliwekwa kwa ajili ya mali. Pale makaburini, kabla watu hawajatawanyika, msemaji wa jamaa husimama akatangaza kuwa mwenye kumdai marehemu aje kwa warithi, na mwenye kuweza kusamehe asamehe. Na hapana mtoto aonaye kuwa tangazo hilo linamvunjia baba yake heshima, kwa kuwa deni hutangulia mafungu. Basi ndugu aliyesusiwa na marehemu kwa miaka kumi, mtoto aliyekanwa, kijakazi aliyefukuzwa bila ya ujira, na wale watumwa wa Unguja ambao madai yao yalikuwa makubwa hata hayakuweza kutangazwa katika kaburi moja, hao nao ni wadai. Kuwaendea na kuwasikiliza ni kulipa, na kulipa si kufedhehesha. Mwana aliyekwisha kumwendea ami yake aliyesusiwa, akakaa naye, akalisikia shauri lao kwa upande wa pili, ndiye awezaye kumsifu baba yake mbele ya watu asiogope kuwa yupo barazani mwenye kujua zaidi.

Mjane hukaa eda miezi minne na siku kumi. Katika siku za mwanzo nyumba hujaa, na kila aingiaye humwambia habari za mumewe, naye husikiliza, kwa kuwa ndiyo ada na kwa kuwa hana nguvu ya kusema. Anapotoka edani watu wamekwisha kurudi kwenye shughuli zao, thumuni yake imekwisha kuhesabiwa, na nguo za marehemu zimekwisha kutolewa sadaka. Na hapo ndipo mambo yale anayoyajua peke yake, ya ukingo wa kitanda na taa iliyopunguzwa, yanapoanza kumjia ulimini, bila ya kuitwa na mtu. Wanawe huja siku ya Idi, wakamletea leso na sukari, wakamuuliza hali ya magoti. Na wajukuu, waliokuja nao na kuketi mkekani wakila halua, ambao zile habari ni zao kuliko za mtu mwingine yeyote, hawajui kuwa lipo la kuuliza.